Mbwa wako, simba wa Serengeti na sindano moja: historia ya chanjo ya kichaa cha mbwa

Mwaka 1962 msafiri Mwingereza aitwaye Wilfred Thesiger alipanda Kilimanjaro. Karibu na kilele, kule ambako hakuna jani wala kitoweo cha kuwinda, alikuta kitu ambacho hakukitegemea kabisa: mbwa mwitu watano kwenye theluji. Hawakuwa mbwa wa kufugwa waliopotea njia kutoka Marangu. Walikuwa mbwa mwitu wa Afrika, wale wenye madoa ya rangi nyingi na masikio makubwa ya mviringo. Miaka minane baadaye Thesiger aliandika taarifa fupi kuhusu tukio hilo katika jarida la wanyamapori la Afrika Mashariki. Mpaka leo wanabiolojia wakitaka kuonyesha mnyama huyu anavyoweza kufika mbali, wanautaja mlima wetu.

Sasa sogea mbele miaka chini ya thelathini, uelekee magharibi hadi Serengeti. Mwaka 1990 kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika kundi moja la mbwa mwitu hifadhini. Kufikia mwaka 1991 makundi yote yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalikuwa yametoweka. Wanasayansi walibishana kwa miaka juu ya chanzo cha kupotea kwao. Lakini kuna swali ambalo hakuna aliyeweza kulikwepa: je, ugonjwa wa mbwa wa kijijini unaweza kuangusha wanyama wa porini wasio na mwenyewe?

Hapo ndipo mbwa wako anapoingia kwenye hadithi. Ndiyo, huyohuyo Popi au Jeki aliyelala chini ya mgomba sasa hivi, anayebweka kila bodaboda ikipita. Katika makala hii nimechukua maswali ambayo wenye mbwa huuliza siku ya chanjo, mjini Moshi au huko juu mlimani. Nitajaribu kuyajibu kwa historia, kwa sababu majibu mengi tuliyonayo leo yalipatikana kwa gharama kubwa, na mengine yalipatikana hapahapa kaskazini mwa Tanzania.

"Mbwa wangu hatoki getini. Achanjwe ya nini?"

Tuanze na kinachotokea mwilini. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Mbwa mgonjwa aking'ata, virusi huingia kwenye nyama, kisha hushika njia ya mishipa ya fahamu na kupanda polepole kuelekea kwenye ubongo. Kwa binadamu safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki chache, inaweza kuzidi mwaka. Vikishafika kwenye ubongo na dalili zikaanza, karibu hakuna anayepona. Kwa mnyama, virusi hushuka tena hadi kwenye tezi za mate na kusubiri mtu au mnyama wa kung'atwa.

Huo mwendo wa kinyonga ndio uliompa Louis Pasteur nafasi. Wengi tunamkumbuka kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeletwa kwake Paris Julai 1885 akiwa na majeraha mengi ya mbwa. Alichomwa sindano 13 kwa siku kama kumi hivi, na akapona. Kinachosahaulika ni kwamba waliotangulia kukingwa na chanjo hiyo walikuwa mbwa. Mwaka 1884, mwaka mmoja kabla ya Meister, Pasteur alikuwa ameonyesha kwamba mbwa waliochanjwa wanaweza kuhimili virusi vilivyowaua wenzao. Dawa yenyewe ilitokana na uti wa mgongo wa sungura waliokufa kwa ugonjwa huo, uliokaushwa mpaka nguvu ya virusi ikapungua.

Basi, ungetegemea kwamba baada ya hapo dunia ingekimbilia kuchanja mbwa. Haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi juhudi zilielekezwa kwa binadamu aliyekwisha kung'atwa, na sindano nyingi za siku nyingi hazikuwafaa mbwa. Ni mwaka 1921 ambapo watafiti wawili wa Japani, Umeno na Doi, walitangaza chanjo ya mbwa ya sindano moja tu. Mwaka 1948 Wamarekani wakaja na nyingine iliyokuzwa kwenye mayai ya kuku. Yaani kutoka kwa Pasteur mpaka sindano moja inayobebeka kwenda kijijini, ilipita miongo.

Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa ukisafiri. Kwa jirani zetu Kenya, kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa mmoja pembezoni mwa Nairobi, mwaka 1912. Mbwa hufuata watu, na watu hufuata njia za biashara.

Turudi getini kwako. Kwanza, vihamba vingi vya mlimani havina geti. Vina uzio wa masale, na masale humwonyesha jirani mpaka wako ulipo, lakini hayamzuii mbwa. Pili, hata penye ukuta na geti la chuma, siku moja mlinzi atalisahau wazi, au jike la jirani litakuwa kwenye joto, na Popi atapata njia. Tatu, mbwa mwenye kichaa haheshimu mipaka. Huacha tabia zake za kawaida, hutembea mbali na huingia nyumba asizozijua. Mara nyingi si mbwa wako anayeufuata ugonjwa, ni ugonjwa unaomfuata yeye mpaka nyumbani. Na wanaocheza naye hapo uani ni watoto.

"Kwa nini wasiue tu mbwa koko, tumalize kazi?"

Hili ni swali la zamani, na siwezi kulidharau. Mtu ambaye mtoto wake ameng'atwa ana haki ya kuuliza hivyo. Serikali nyingi duniani zimejibu kwa bunduki na sumu, kuanzia enzi za ukoloni mpaka juzi.

Kuna nchi iliyofanikiwa bila chanjo ya mbwa. Uingereza ilitokomeza kichaa cha mbwa mwaka 1902 kwa kulazimisha mbwa wavalishwe vifunga mdomo na kwa kuwaweka karantini wanaotoka nje. Ugonjwa ulirudi mwaka 1918, pale wanajeshi waliotoka vitani walipoingiza mbwa kwa kificho, na ukamalizwa tena mwaka 1922. Lakini angalia masharti yake: ni kisiwa, chenye polisi wa kutosha kukagua mdomo wa kila mbwa barabarani. Hebu fikiria zoezi hilo kuanzia Himo mpaka Tarakea.

Mfano wa pili ni wa kisiwa kingine, Flores cha Indonesia. Kichaa cha mbwa kiliingia huko mwaka 1997 kikiletwa na mbwa waliosafirishwa kwa mashua. Katika miaka michache iliyofuata karibu nusu ya mbwa wa kisiwa hicho waliuawa. Matokeo? Ugonjwa ulibaki palepale.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba wenye mbwa huwaficha au kuwahamishia kijiji kingine wakisikia wauaji wanakuja, na hapo virusi hupata usafiri wa bure. Sababu ya pili ni uzazi: nafasi ya mbwa aliyeuawa hujazwa na watoto wa mbwa wasio na kinga yoyote. Sababu ya tatu ni kwamba risasi haiulizi kadi. Ikimwangusha mbwa aliyechanjwa, umebomoa ukuta wako mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tunalikosea. Tukimwona mbwa mchafu stendi tunamwita mbwa koko, tukidhani hana mwenyewe. Tafiti za Tanzania zimeonyesha kwamba mbwa wengi wanaozurura wana nyumba. Wanafunguliwa tu asubuhi wajitafutie, jioni wanarudi kulinda. Maana yake ni kwamba wanaweza kushikwa na kuchanjwa. Kuna mtu anayewaita kwa jina nao wakaja.

"Hivi chanjo imewahi kuumaliza ugonjwa huu kwetu?"

Mwaka 1996 timu ya watafiti, Sarah Cleaveland akiwa mmoja wao, ilianza kuchanja mbwa wa vijiji vya wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Hakukuwa na teknolojia ya ajabu. Tangazo lilipita kijijini, meza ikawekwa chini ya mti au shuleni, na watoto wakaja wakivuta mbwa kwa kamba. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya kampeni ya kwanza, visa vya kichaa kwa mbwa vilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Na idadi ya watu waliofika hospitali wakiwa wameng'atwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ikashuka pia.

Kabla ya hapo watafiti walikuwa na tatizo la msingi: nani anajua ugonjwa huu unaua watu wangapi? Wagonjwa wengi hufia nyumbani. Wengine huhesabiwa kuwa wamerogwa, wengine kuwa na malaria iliyopanda kichwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulitumia rekodi za majeraha ya mbwa kukadiria vifo, ukaona kwamba Tanzania huenda ilikuwa inapoteza hadi karibu watu 1,500 kwa mwaka. Hiyo ni takriban mara mia ya vifo vilivyokuwa vikiandikwa rasmi. Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2015 yalikuwa watu 59,000 kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto.

Kisha ikaja kazi iliyobadilisha hesabu yenyewe. Katie Hampson na wenzake walifanya upelelezi halisi katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro. Walianza na daftari la hospitali: fulani kang'atwa. Wakaenda kijijini kwake kuuliza: mbwa wa nani? Yeye aling'atwa na nani? Wengine aliowang'ata wako wapi? Nyumba kwa nyumba wakachora ukoo wa maambukizi, mbwa hadi mbwa.

Walichokikuta mwaka 2009 kilishangaza. Kwa wastani mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza mbwa mmoja na kidogo tu. Linganisha na surua, ambayo mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 au zaidi penye watu wasio na kinga. Yaani huu ugonjwa unaotutisha kuliko yote ni mkimbiaji dhaifu. Anaponea chupuchupu kila siku. Ukimwekea vizuizi vya kutosha njiani, anaanguka mwenyewe.

"Sawa, lakini mbona kila mwaka? Na kwa nini asilimia 70?"

Kwa ugonjwa unaosambaa kidogo namna hiyo, hesabu zinaonyesha kwamba inatosha mbwa wenye kinga wasishuke chini ya kiwango fulani kati ya asilimia 20 na 45, kutegemea na mahali. Basi kwa nini tunahimizwa kuchanja asilimia 70?

Chukua kitongoji chenye mbwa 100. Umechanja 70, umerudi nyumbani umefurahi. Maisha ya mbwa wa kijijini ni mafupi, kwa hiyo tuseme ndani ya mwaka mmoja mbwa 30 wanakufa kwa magari, njaa, maradhi au uzee, na watoto wa mbwa 30 wanachukua nafasi zao. Kati ya waliokufa, 21 walikuwa wamechanjwa. Umebaki na 49. Ukiruka mwaka mwingine, unabaki na 34 hivi, na tayari uko kwenye eneo la hatari. Sasa rudia hesabu ukianza na 40 badala ya 70. Baada ya mwaka mmoja una 28 tu.

Kwa hiyo jibu la "mbona kila mwaka" lina sehemu mbili. Kinga ndani ya mwili wa Popi inaweza kudumu zaidi ya mwaka kwa chanjo nyingi za siku hizi, na kadi yake itakuambia arudi lini. Lakini kinga ya kitongoji hupungua kila mara mbwa mmoja anapokufa na mwingine kuzaliwa.

Hapo kuna kosa moja ambalo limetugharimu. Kwa muda mrefu watoto wa mbwa wa chini ya miezi mitatu walikuwa wakirudishwa nyumbani, eti bado wadogo. Tafiti za karibuni, zikiwemo zilizofanyika Tanzania, zimeonyesha kwamba watoto hao hutengeneza kinga ya kutosha, na Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe pamoja na wakubwa. Fikiria maana yake: mtoto wa darasa la tatu ametembea kilomita mbili akiwa amembeba kibwana chake kifuani, anaambiwa arudi mwakani. Mwakani hiyo kampeni itamkuta mbwa mkubwa mwenye meno, ambaye ameishi mwaka mzima bila kinga.

"Kama ni kichaa tu, hizo sindano nyingine za kliniki ni za nini?"

Mapema mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka na kuanguka kwa degedege. Melody Roelke-Parker, aliyekuwa daktari wa wanyamapori wa hifadhi za taifa, na wenzake walichukua sampuli. Haikuwa kichaa. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa mbwa ulio ndugu wa surua yetu, na virusi vyake vilifanana na vya mbwa wa kufugwa. Takriban simba 1,000 walikufa, theluthi moja ya simba wote wa Serengeti.

Distempa ilikuwa inajulikana zamani. Mfaransa Henri Carré alionyesha mwaka 1905 kwamba inasababishwa na kirusi. Katika miaka ya 1920 Laidlaw na Dunkin walitengeneza chanjo yake London, wakitumia wanyama wadogo jamii ya kicheche. Wanyama wa aina hiyohiyo ndio waliosaidia kugundua kirusi cha mafua ya binadamu mwaka 1933, Laidlaw akiwa mmoja wa wagunduzi. Chanjo ilikuwepo, basi. Ila haikuwa imewafikia mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Hadithi hii ina mkia. Mwaka 2008 watafiti waliangalia upya damu ya simba wale na kukuta mshirika wa pili: babesia, kimelea kinachoenezwa na kupe. Ukame wa mwaka 1993 ulikuwa umedhoofisha nyati, wakajaa kupe, na simba waliokula nyati hao wakavamiwa. Distempa ikashusha kinga, babesia ikamalizia kazi. Jambo hilo lilijirudia Ngorongoro mwaka 2001. Nawe ukimwona mbwa wako amelegea, fizi zimepauka, mkojo una rangi ya chai ya rangi, usiseme ni uvivu. Mbwa wana babesia yao, na kupe wa masikioni na katikati ya vidole ndiye mletaji. Mkague kwa mkono kila wiki, hasa kipindi cha mvua, na umwogeshe dawa kwa kipimo alichokupa daktari wa mifugo. Dawa ya ng'ombe iliyokisiwa kwa kizibo cha soda imeua mbwa wengi.

Ugonjwa wa tatu ni mgeni kuliko wengine. Pavo ilitambuliwa mwaka 1978, na ndani ya miaka miwili hivi ilikuwa imezagaa duniani. Inatokana na kirusi cha jamii ya paka kilichobadilika kidogo tu. Huharisha damu na kutapisha, na watoto wa mbwa ndio hufa zaidi. Kirusi chake hukaa ardhini miezi mingi, kwa hiyo viatu vyako vinaweza kukileta nyumbani hata kama mbwa hajatoka. Kama mbwa amekufa kwa pavo uani kwako, usilete mwingine mdogo kabla hajamaliza chanjo.

Niseme ukweli mmoja hapa. Kwa kichaa, kuchanja mbwa kumethibitika kufanya kazi. Kwa distempa porini, mambo ni magumu zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata baada ya mbwa wengi kuchanjwa, kirusi kiliendelea kuwafikia simba kupitia wanyama wengine wala nyama. Chanjo ya distempa inamlinda mbwa wako. Simba wanahitaji zaidi ya hapo.

"Huku juu hakuna friji. Chanjo itafikaje?"

Hili ni swali la mlima kabisa. Kutoka mjini hadi vijiji vya juu barabara hupanda, mvua hunyesha, utelezi huanza, na barafu kwenye boksi la chanjo huyeyuka. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa moja: nyuzi joto 2 hadi 8, la sivyo tupa. Ndiyo maana kampeni zilikuja mara moja kwa mwaka na msafara wa magari, na aliyekuwa shambani siku hiyo akapitwa.

Mwaka 2016 Felix Lankester, Ahmed Lugelo na wenzao walichapisha jaribio lililofanyika Tanzania. Waliweka chanjo ya mbwa kwenye nyuzi joto 25 kwa miezi sita, nyingine kwenye nyuzi 30 kwa miezi mitatu, kisha wakachanja mbwa nayo. Kinga waliyopata haikuwa pungufu ya ile ya chanjo iliyotoka kwenye friji. Tangu hapo swali limebadilika. Kama chanjo inaweza kukaa mahali penye ubaridi wa kawaida, kwa nini isikae kwa mtu wa kijijini aliyefundishwa, ili mtoto wa mbwa aliyezaliwa mwezi wa tano asisubiri gari la mwezi wa tisa? Hii haina maana uiweke chanjo juu ya kabati lako. Ni kazi ya wataalamu wenye chanjo iliyopimwa hivyo. Lakini kwa mahali kama Kibosho juu au Mamba, ni habari kubwa.

"Tukishamaliza, tumemaliza?"

Waulize Wapemba. Kisiwani Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilirudiwa mwaka baada ya mwaka mpaka kichaa kikatoweka mwaka 2014. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa. Watu walirudi kwenye chanjo na ufuatiliaji wa kila kisa, na kufikia mwishoni mwa 2018 kilikuwa kimetokomezwa tena. Kama kisiwa kilichozungukwa na bahari kinaweza kuvamiwa upya, sisi je, tuliozungukwa na barabara ya Arusha, ya Dar na mpaka wa Holili?

Unaijua Desemba ya Kilimanjaro. Magari yanapanda kutoka Dar na Nairobi, ndafu zinachomwa, ukoo unakutana. Ndani ya baadhi ya magari kuna mbwa, au mtoto wa mbwa aliyeletwa zawadi kwa babu. Kabla hujampakia, angalia kadi yake. Mchanje angalau mwezi mmoja kabla ya safari, kwa sababu kinga huchukua wiki kadhaa kujijenga.

"Na akishamng'ata mtu?"

Hapa historia inakuwa ya dakika. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa, usikisie, maana dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani. Usipake majivu, mafuta ya taa wala pilipili. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni mchubuko mdogo, hata kama mbwa ni wa shemeji. Sindano za leo zinachomwa mkononi, ni chache, na usiache dozi katikati kwa sababu kidonda kimekauka. Kumbuka ule mwendo wa kinyonga: chanjo inashindana mbio na kirusi, na inashinda ikiwahi kuanza.

Mbwa mwenyewe usimuue kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama. Mfungie siku kumi na umjulishe afisa mifugo wa kata. Mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipong'ata kwa kawaida atakuwa ameugua au amekufa ndani ya siku hizo. Akibaki mzima, familia inapumua. Lakini usisubiri zile siku kumi ndipo umpeleke mtu hospitali. Akifa, usimfukie kimyakimya. Ubongo wake ukipimwa unaweza kuokoa watu wengine aliowang'ata njiani ambao huwajui.

Dunia imechagua tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa, na imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 asife tena mtu kwa kung'atwa na mbwa mwenye ugonjwa huu. Kazi hiyo hufanyika pale mtoto anapotokea kwenye migomba na kamba mkononi, upande wa pili mbwa akigoma kutembea, mpaka wafike kwenye meza ya afisa mifugo. Sindano ni ya sekunde moja. Mbwa analia kidogo, kadi inaandikwa tarehe, wanarudi nyumbani. Mtoto huyo hajui kwamba amemkinga pia jirani yake, na mbwa mwitu ambaye hatamwona kamwe.